Sahihi

Kijitabu chenyewe ni cha manjano, chembamba,
kona zimelegea kama masikio ya mbuzi.
Kila jioni mstari mmoja: tarehe, kurasa,
na pembeni kisanduku cha mzazi,
atie sahihi kwamba amemsikia mwanawe akisoma.

Nilitia.
Novemba nzima nilitia, koti bado mwilini,
basi la Barabara ya Beverley limenishusha
kwenye mvua ya Hull, ile isiyoanguka bali hupita
ikikugonga shavuni kama mtu anayekudai.
"Umesoma?"
"Nimesoma."
"Kalamu iko wapi?"

Mchana kutwa nilikuwa nimesoma mimi.
Kwenye nyumba ya wazee yuko Bi Winifred, macho yamezima,
naye hupenda gazeti, kuanzia vifo hadi bei ya samaki.
Namsomea kwa madaha. Pa kushangaa, nashangaa.
Akisema rudia, narudia.
Nalipwa kwa saa.
Nikifika nyumbani, sauti iliyobaki
ni ya kuulizia kalamu.

Januari, Mwalimu Oldroyd akaniita.
Viti ni vya watoto; magoti yalinifika kidevuni.
Alikifungua kijitabu akasema anafurahi sana,
Mwanaheri anasikilizwa kila siku,
hata Jumapili, hata Krismasi.
Krismasi nilikuwa kazini.
Nikatazama: sahihi kumi na tisa, jina langu,
mkia wa herufi ya mwisho umepindwa ninavyoupinda,
ila nzuri zaidi. Zimetulia.
Aliyeziandika hakuwa na haraka.

Nikasema asante.

Kituoni nilikuwa nimeshayapanga maneno:
uongo, heshima, kwetu mtoto hathubutu.
Mdomo ukanasa. Nani alianza kughushi?
Uongo ni uleule, mwenzangu kautia mwandiko mzuri.
"Ulikuwa unamsomea nani?" nikauliza.
"Kipasha-joto. Kile cha jikoni.
Hakiniambii nifanye haraka."

Basi sasa nakaa hapo mimi, mgongo kwenye bati la moto,
viazi kwenye beseni, kisu mkononi,
naye juu ya meza, na simwambii ashuke.
Kazi sijaacha. Siku haijaongezwa saa.
Kuna jioni za kurasa mbili, kuna za moja na robo,
nyingine nasinzia, ananidokoa bega kwa kidole cha mguu:
"Mama, mbweha ameshaingia."
"Ameingia wapi?"
"Si nimekusomea!"
Anarudi nyuma. Anasoma tena,
na pa kushangaa, anashangaa.

Neno likitushinda tunalikodolea wote wawili
kama mgeni aliyebisha hodi usiku.
Yeye hulitamka kwa pua ya Hull, mimi kwa ulimi wa Tanga,
halikubali; tunafungua kamusi
niliyoinunua peni hamsini kwenye duka la mitumba,
ndani jina la mtoto mwingine, wa zamani.
Kisha huniuliza: kwetu linaitwaje?
"Ukungu," nasema. "Ule wa majanini ni umande,
huu unaoficha basi ni ukungu."
Akaliandika pembezoni kwa penseli.
Kitabu ni cha maktaba. Nilipaswa kumkataza.

Juzi kanisomea barua ya umeme yote,
mpaka yale maandishi ya chini kabisa,
akataka kujua kwa nini ya muhimu ndiyo madogo.
Sikuwa na jibu. Nikamwambia swali hilo alitunze,
litamfaa akiwa mkubwa.

Bi Winifred nilimsimulia. Alicheka hadi akakohoa,
akaagiza huyo mghushi aletwe likizo ya Pasaka
amsomee vifo.

Usiku, tukimaliza, ananisogezea kijitabu na kalamu.
Naandika jina langu polepole, mkia naupinda.
Analiinamia, kichwa upande,
kama mwalimu wake.
"Hapana," anasema. "Hii haifanani.
Andika kama ile yangu."